Spidomita ya pikapu kuukuu inadanganya? Nunua hiki kwanza

Tulikuwa tunatoka Gongoni na magunia ya chumvi, mshale umetulia kwenye 80, na bado nazipita matatu. Utingo akafungua simu: 86. Dawa niliyoikimbilia ndiyo niliyoiweka mkiani mwa mwongozo huu.

Chanzo kilikuwa matairi. Pikapu ilikuja na 225/70R15, mimi nikafunga 265/70R15 kwa sababu nilizipata kwa bei ya kirafiki. Kipenyo kikatoka milimita 696 hivi hadi 752, yaani asilimia 8 zaidi. Gurudumu likizunguka mara moja linakula barabara ndefu zaidi, na spidomita haina habari.

Kwa hiyo pima kabla hujatoa shilingi. Simu yenye GPS yatosha. Tafuta kipande kilichonyooka cha barabara ya Mambrui, asubuhi mapema, ushike 40, kisha 60, kisha 80, na mwenzako ndiye asome simu. Pengo likikua kadiri unavyokimbia, tatizo ni matairi au meno ya giaboksi. Pengo likiwa lile lile kila mahali, huenda mshale ulirudishwa vibaya mita ilipofunguliwa. Mshale ukitetemeka kama una homa, hiyo ni kebo, ule waya unaozunguka kutoka giaboksi hadi kwenye mita.

Namba moja kwangu ni pinioni ya spidomita. Ni kigia kidogo, mara nyingi cha plastiki, ubavuni mwa giaboksi pale kebo inapoingia. Ichomoe, hesabu meno. Mita ikisoma pungufu unataka meno machache zaidi: kutoka 26 kwenda 24 kunapandisha usomaji kwa asilimia 8 na kidogo, karibu sawasawa na kosa langu. Usiende duka la spea ukataja jina la gari tu, maana pikapu za aina moja zaweza kuwa na pinioni za meno tofauti. Nenda nayo mkononi, ulinganishe unene na mlalo wa meno. Nunua na sili yake hapo hapo, la sivyo oili ya giaboksi itapanda kwenye kebo. Uzuri wake ni kwamba inarekebisha mshale na mileji kwa pamoja.

Ya pili ni kebo, lakini kwa mshale unaotetemeka tu. Kebo haiwezi kupunguza asilimia 8. Inazunguka au imekatika. Kwa chumvi na mchanga wa huku kwetu, vuta waya wa ndani, upanguse, upake grisi nyepesi, na sehemu ya juu iliyo karibu na mita uiache kavu. Ikiwa ganda lake limekunjika, grisi haitasaidia. Nunua mpya yenye urefu ule ule.

Ya tatu, mita ya GPS ya kubandika, inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti. Inasema kweli hata ufunge matairi ya trekta. Ila mileji ya gari inabaki na uongo wake: ukibadilisha oili kila 5,000 za dashibodi, kwa matairi yangu umeshatembea 5,400. Epuka zile zinazoakisi namba kwenye kioo cha mbele. Jua la saa saba Malindi linazifuta.

Kisanduku cha kurekebisha mapigo ya sensa, yaani ishara za umeme zinazoiambia mita mwendo, ni kizuri kwa pikapu zenye mita ya umeme. Yako ikiwa ya kebo, hakina pa kufungwa, hata muuzaji akisemaje.

Mkiani kabisa ni dashibodi ya mtumba, niliyouziwa mimi na fundi mmoja aliyenihakikishia mita imechoka. Matairi yale yale, giaboksi ile ile, basi mita ngeni nayo ikasoma uongo ule ule. Juu ya hayo nikabaki na kilomita za gari la watu, na siku ya kuuza mnunuzi atadhani nimezirudisha nyuma.

Kuna njia isiyo na gharama ya ziada: matairi haya yakiisha, rudi kwenye saizi ya kiwandani. Mita itasoma juu kidogo, na ndivyo ilivyokusudiwa. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu spidomita isome chini ya mwendo halisi, ila inaiachia izidishe hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Mshale ukisema 84 na simu ikasema 80, funga pochi.