Meza ya kujazia risasi niliyoijenga gereji: uzoefu wangu na presi mbili

Mtu akiniuliza kuhusu kujaza risasi nyumbani, swali la kwanza karibu kila mara ni presi gani anunue, yaani ile mashine ya mkono ya kujazia risasi. Nami humrudishia swali: utaifunga juu ya nini? Nimewahi kutumia presi ya bei kubwa juu ya meza mbovu, kwa jirani, na presi ya kawaida juu ya meza imara, kwangu, na hiyo ya pili ndiyo iliyonipa risasi zinazofanana moja hadi nyingine. Kwa hiyo naanzia kwenye mbao. Presi zitafuata.

Naishi Houston, Texas. Nawinda kulungu msimu ukifunguliwa, na nguruwe mwitu mwaka mzima, kwa bunduki ya .30-06. Nikipata nafasi napiga shabaha kwa bastola ya .38 Special. Fataki (kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) na risasi zilipoadimika madukani mwaka 2020 na 2021, waliokuwa na meza zao na akiba kidogo waliendelea kupiga shabaha wakati wengine wanazunguka maduka, na mimi hapo ndipo nilipoamua. Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani, kujijazia risasi za matumizi yako hakuhitaji leseni. Ukitaka kuziuza ndipo unapohitaji leseni ya mtengenezaji. Ninyi mlio Kenya na Tanzania mnajua sheria zetu za silaha haziruhusu mtu kutengeneza risasi bila kibali, kwa hiyo haya yasomeni kama habari za huku.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: risasi ikishapigwa, kinachobaki mkononi ni ganda la shaba, na ganda hilo likitunzwa hutumika tena mara kadhaa. Unatoa fataki iliyokwisha, unalirudisha ganda kwenye kipimo chake kwa sababu mlipuko umelitanua, unatia fataki mpya, unatia baruti iliyopimwa kwa mizani, halafu unakalisha kichwa cha risasi mdomoni. Presi ndiyo inayolisukuma ganda ndani ya kalibu, yaani chuma chenye tundu linalolipa ganda umbo lake. Ganda la .38 linaingia kwa mkono mmoja bila taabu. La .30-06, hata ukilipaka nta vizuri, linadai uzito wa mwili. Ukivuta mkono wa presi chini, presi nzima inataka kuinamia mbele. Ukiurudisha juu, shingo ya ganda inaling'ang'ania gololi linaloipanua kwa ndani, unasikia mlio wa shaba ikisugua chuma, na sasa presi inataka kuinyanyua meza. Meza isiyoshikwa na kitu itacheza pande zote mbili.

Ndivyo ilivyokuwa meza ya jirani yangu, ile inayouzwa ikiwa vipande ndani ya boksi uiunge mwenyewe, miguu ya bati iliyokunjwa. Kila alipovuta, miguu ya nyuma iliachana na sakafu. Chupa ziligongana. Mkono wa mizani ulipanda na kushuka kama mtu anayesinzia, na ilibidi kungoja utulie ndipo upime tena. Mtu anayepima baruti kwa greni, na greni 7,000 ndizo zinazofanya ratili moja, hawezi kufanya kazi juu ya kitu kinachotikisika hivyo.

Yangu niliijenga kwa urefu wa futi 6 na upana wa futi 2, kimo inchi 38. Hesabu ya mbao ilinifurahisha sana. Plaiwudi ya huku inauzwa kwa shiti la futi 4 kwa 8, unene robo tatu ya inchi. Ukilipasua kwa urefu unapata vipande viwili vya futi 2 kwa 8; kila kimoja ukikikata kwenye futi 6 umepata tabaka mbili za uso wa meza, na vinabaki vipande viwili vya futi 2 kwa 2. Tabaka mbili nilizibandika kwa gundi ya mbao na skrubu, uso ukawa na unene wa inchi moja na nusu. Vile viwili vilivyobaki nilivipigilia kwenye ncha mbili za meza, kati ya mguu wa mbele na wa nyuma. Hivyo ndivyo vinavyoizuia meza isiyumbe mbele na nyuma. Watu wengi huviacha wakidhani miguu minene inatosha. Haitoshi; mguu mnene usio na kitu cha kuukaza huyumba vilevile.

Miguu ni mbao za 4 kwa 4, na fremu ni 2 kwa 4. Mgeni wa mbao za Marekani ajue kwamba 2 kwa 4 ukiipima ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, maana vipimo vya jina ni vya kabla ya kukaushwa na kupigwa randa. Michoro yako ikifuata namba za dukani, maungo hayatakutana.

Kisha ukuta. Nyumba za huku zina nguzo za mbao ndani ya ukuta, nyingi zikiwa zimeachana inchi 16 kutoka katikati hadi katikati. Boriti ya nyuma ya meza niliifunga kwenye nguzo nne kwa skrubu nene za inchi tatu na nusu: inchi moja na nusu inapita kwenye boriti, nusu inchi kwenye ubao wa jasi wa ukuta, na inchi moja na nusu inauma nguzo yenyewe. Skrubu zisizozidi inchi mbili zitashika ubao wa jasi tu, nao hauna nguvu yoyote. Mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki atoboe ukuta ana njia nyingine, nayo ni kuweka rafu chini ya meza na kuijaza uzito, mifuko ya mchanga au maboksi ya vichwa vya risasi. Nimeiona ikifanya kazi vizuri, ingawa si kama ukuta.

Jambo moja kuhusu gereji: sakafu zake kwa kawaida zimemwagwa zikiwa na mteremko kidogo kuelekea mlangoni, ili maji yatoke. Usikate miguu yote kwa kipimo kimoja. Weka pimamaji juu ya fremu, kisha kata kila mguu mahali pake. Mizani ya mkono inategemea meza iliyolala sawa, na hata vichwa vya risasi ukivimwaga kwenye meza iliyoinama vyote vinakimbilia upande mmoja.

Sasa kufunga presi, na hapa nawasihi msiwe na haraka. Mahali pake ni karibu na mguu wa meza, si katikati ya urefu, maana katikati ndipo uso unapopinda. Kabla ya kutoboa tundu hata moja, niliishika presi kwa klampu, nikauvuta mkono wake mwendo mzima, juu hadi chini, polepole. Presi nyingi zina vyuma vya wenzo vinavyoshuka chini ya ukingo wa meza, na vikikutana na boriti ya mbele mwendo unakatika kabla ya ganda kufika juu. Kwa sababu hiyo uso wa meza yangu umetokeza inchi chache mbele ya fremu. Chini ya uso, pale presi ilipo, niliweka bamba la chuma, bolti zikapenya uso na bamba zote pamoja, zikafungwa kwa washa pana na nati zenye plastiki ndani zisizolegea kwa mtikisiko. Usitumie skrubu za mbao kufungia presi. Zitashika mwanzoni, halafu kila ganda litazilegeza kidogo, na tundu likishakuwa pana hakuna cha kushika tena.

Nilinunua pia mfumo wa mabamba ya kubadilishia: bamba moja linafungwa mezani moja kwa moja, kila presi inakaa kwenye bamba lake dogo, na unazibadilisha kwa kulegeza na kukaza bila kupiga magoti chini ya meza na spana. Wazo ni zuri sana kwa mwenye nafasi ndogo, na sitaki tena kuishi bila hilo. Ila bolti zilizokuja ndani ya boksi zilikuwa fupi kwa meza ya inchi moja na nusu yenye bamba la chini, nikalazimika kwenda kununua ndefu. Kampuni inayouza kitu cha kufungwa mezani ingepaswa kufikiria meza nene. Vipo pia vifaa vya kuinua presi juu ili ufanye kazi umesimama. Mgongo unashukuru, lakini kadiri presi inavyopanda ndivyo inavyoipinda meza zaidi, kwa hiyo kaza meza kwanza.

Presi ya kwanza ni RCBS Rock Chucker Supreme. Ni ya hatua moja, yaani kalibu moja kwa wakati, chuma cha kumwagwa kilichozunguka pande zote bila upande ulio wazi. Jina la RCBS ni kifupi cha Rock Chuck Bullet Swage, kalibu ya vichwa vya risasi za kuwindia rock chuck, mnyama anayechimba mashimo huko magharibi mwa Marekani. Fred Huntington aliianzisha kampuni huko Oroville, California, mwaka 1943. Kalibu zake hufungwa kwa uzi wa saba juu ya nane ya inchi, nyuzi 14 kwa inchi, na kipimo hicho wanakitumia karibu watengenezaji wote, kwa hiyo kalibu za kampuni nyingine zinaingia bila shida. Kwa maganda marefu ya .30-06 sijaona sababu ya kutafuta kitu kingine. Ni nzito, ni polepole, na kila ganda unaligusa mara kadhaa, hivyo unaliona mara kadhaa. Ufa mdogo shingoni nauona kabla haujafika kwenye bunduki.

Ya pili ni Lee Classic Turret, inayotoka Hartford, Wisconsin. Kichwa chake kina nafasi nne za kalibu na kinajizungusha chenyewe kila unapovuta mkono, hivyo ganda la .38 linakaa mahali pamoja hadi linatoka likiwa risasi kamili. Fataki zilizokwisha zinashuka ndani ya pistoni (ile nguzo inayolipandisha ganda) yenye uwazi na kuingia kwenye bomba, hazitapakai mezani. Kwa bastola naisifu bila kusita. Kwa risasi ndefu za bunduki unaweza kuondoa ile fimbo inayozungusha kichwa na kuitumia kwa mkono, lakini kwangu kazi hiyo ni ya Rock Chucker.

Kuhusu .38 nina neno moja zito. Ganda lake ni kubwa kwa baruti kidogo inayotiwa, kwa hiyo ukitia mara mbili kwa bahati mbaya halimwagiki, na unaweza usijue. Kipimo mara mbili kinaweza kupasua bastola mkononi. Ndiyo maana nimefunga taa ya LED juu ya presi, inayomulika moja kwa moja ndani ya ganda, na sikalishi kichwa kabla jicho langu halijaona baruti iko wapi. Taa hiyo ni ya bei ndogo kuliko kitu chochote kingine mezani na ningeinunua kabla ya vyote. Baruti juu ya meza ni ya aina moja tu kwa wakati, na chupa yake haiondoki mbele yangu mpaka kazi iishe. Vipimo natoa kwenye kitabu kilichochapishwa na watengenezaji, kamwe si kwa maneno ya mtu.

Baruti yenyewe hailali gereji. Kiangazi cha Houston gereji inakuwa tanuri, na joto na unyevu vyote viwili huiharibu. Nyumba nyingi pia zina hita ya maji ya gesi humo humo, yenye moto. Naiweka ndani ya nyumba, kwenye kabati la mbao lenye kufuli, ndani ya chupa zake za asili. Mwongozo wa NFPA 495, wa chama cha Marekani cha kujikinga na moto, unaruhusu hadi ratili 20 za baruti isiyo na moshi nyumbani zikiwa kwenye vyombo vyake vya asili, na fataki 10,000, lakini miji mingine ina kanuni kali zaidi, kwa hiyo uliza idara ya zimamoto ya mji wako. Usiifungie kwenye sanduku zito la chuma ukidhani unailinda. Ikiwaka mahali palipobanwa, presha inapanda na sanduku lenyewe linakuwa bomu. Mbao huachia mapema. Fataki naziweka mbali na baruti.

Mwisho ni risasi yenyewe, madini. Masizi ya fataki yana risasi ndani yake, nayo huingia mwilini kwa vumbi na kwa mikono. Uso wa meza nimeupaka vanishi tabaka kadhaa ili nifute kwa kitambaa chenye maji, sakafu haina zulia, na hakuna kikombe cha chai kinachoingia pale. Watoto wangu wanajua mlango huo haufunguliwi kazi ikiwa inaendelea. Nati za chini nazikagua kila mwanzo wa msimu wa kulungu. Tangu niweke zile zenye plastiki sijakuta iliyolegea. Pistoni za presi nazifuta na kuzitia mafuta, maana kwa unyevu wa huku chuma kikiachwa kikavu kinaanza kutu haraka.