Tarehe ilikuwa Jumanne, uchungu ukaja Jumapili usiku

Hospitali siitaji jina, maana suala la bili yangu bado liko kwao. Ni hospitali binafsi, upande wa mjini hapa Dar, na huduma niliyolipia, ya kujifungua kwa operesheni kwa tarehe mliyokubaliana, wanaiita "kifurushi cha upasuaji wa kupangwa". Ndani yake kuna vipimo vya mwisho, daktari bingwa unayemchagua mwenyewe, ganzi, chumba cha peke yako, siku tatu za kulazwa na chakula. Mumeo anaruhusiwa kuingia thieta na kukaa kichwani kwako. Ukisoma kipeperushi chao unaweza kudhani unakwenda hotelini. Kitu kimoja tu hakikuandikwa: uchungu ukianza kabla ya tarehe, inakuwaje?

Mtoto wangu wa kwanza alitolewa kwa operesheni baada ya kukaa leba usiku kucha na njia kugoma kufunguka. Mimba ya pili daktari alinipa nafasi ya kuchagua. Kovu langu kwenye kizazi ni lile la kukatwa kwa upana sehemu ya chini, na utrasaundi ilionyesha kondo la nyuma limekaa juu, mbali na kovu, kwa hiyo kujaribu kawaida kuliwezekana. Akanieleza kwamba kwa mwenye kovu moja la aina hiyo, kizazi kupasuka kwenye kovu wakati wa uchungu hutokea kwa takriban mwanamke 1 kati ya 200. Kwa kweli namba hiyo haikunitisha. Nilichokataa ni kurudia usiku ule wa leba halafu niishie kwenye kisu vilevile. Nikamwambia dokta, nipe tarehe.

Nilitaka wiki ya 38, ili bibi yao aliyekuja kutoka Moshi asikae sana. Akakataa. Mtoto anayetolewa kwa operesheni kabla uchungu haujaanza, hasa kabla ya wiki ya 39, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shida ya kupumua, kwa sababu mapafu yanakuwa bado na maji. Tukaandika Jumanne, wiki ya 39. Alichotaja kwa kupita tu, akiwa ameshaanza kumwita mgonjwa mwingine, ni kwamba ukingoja mpaka wiki hiyo, kama mwanamke 1 kati ya 10 anashikwa na uchungu kabla ya siku yenyewe. Moja kati ya kumi si wachache! Ukikaa kwenye benchi la kliniki na wenzako wenye tarehe kama yako, huenda mmoja wenu ndiye.

Safari hii nikawa mimi. Tulikuwa nyumbani Kigamboni, mkoba uko mlangoni lakini nusu ya nguo za mtoto bado zimeanikwa. Tumbo lilikuwa likikaza na kuachia tangu wiki iliyotangulia, kwa hiyo mwanzoni sikushtuka. Ilipofika saa nane usiku maumivu yakawa yanakuja kwa mpangilio, yanaanzia kiunoni yanazunguka mbele, nikisimama yanakuja, nikilala yanakuja. Hapo nilijua si yale ya kujaribu.

Namba ya kipeperushi iliita mpaka ikakata. Tulipopiga tena ikapokelewa na mlinzi. Mapokezi hakukuwa na mtu, simu iko karibu naye, akaamua kuipokea. "Dada, njooni tu, leba iko wazi usiku kucha." Kwa ushauri huo mimi mlinzi nampa alama zote. Mwenye kovu hatakiwi kukaa nyumbani anahesabu dakika kama wengine wanavyoambiwa. Uchungu ukishaeleweka kuwa ni uchungu, au chupa ikipasuka, au ukiona damu, ni kuondoka. Tulipita Daraja la Nyerere barabara ikiwa tupu, mume wangu akipapasa mifuko kutafuta pesa ya kulipia daraja huku mimi nimeng'ang'ania mkanda wa gari. Sitaki kufikiria ingekuwaje saa mbili asubuhi.

Mapokezi ndipo pabaya. Kijana wa zamu, ambaye sasa alikuwa amepatikana, aliangalia barua ya idhini ya bima akasema imeandikwa Jumanne. Nikamwambia hata mimi najua imeandikwa Jumanne. Akataka amana ya upasuaji wa dharura kwanza, kesho bima ikifunguliwa turudishiwe. Mume wangu akaanza kubishana, mimi nimeinama nimeshika kaunta. Aliyetuokoa ni mkunga aliyetoka leba kuchukua faili. Aliniuliza mambo mawili tu: una kovu? uchungu umeanza saa ngapi? Kisha akamgeukia yule kijana: "Huyu anaingia. Mambo ya barua malizana na baba."

Kuanzia hapo huduma ikabadilika kabisa. Yule mama aliniangalia vizuri kuliko bingwa yeyote niliyemlipia kliniki. Alinibonyeza taratibu juu ya kovu wakati uchungu umeachia, akauliza kama pale panaendelea kuuma. Akanieleza sababu. Maumivu ya uchungu yanakuja na kwenda, lakini maumivu ya kovu yasiyoondoka katikati ni ya kupigiwa kelele, sawa na damu nyingi, au maumivu ya begani, au uchungu uliokuwa na nguvu kukatika ghafla. Akasikiliza mapigo ya moyo ya mtoto kwa muda mrefu, kabla, wakati na baada ya uchungu. Akanipima njia: sentimita nne. Akaweka dripu, akatoa damu ya kupima kundi na wingi wake. Kila alichofanya alisema kwanza.

Daktari wa zamu alikuwa kijana. Bingwa wangu alikuwa safarini Dodoma. Hilo nalo halikuwemo kwenye kipeperushi. Shikamoo yake ilinifanya nijisikie bibi, lakini aliketi, na hilo nililipenda. Alisema njia imeanza kufunguka yenyewe, mtoto amegeuka vizuri, kichwa kimeshuka, mapigo yako sawa. Je, bado nataka operesheni, au niendelee? Mama mkwe alikuwa amejibana mlangoni, akajibu kabla yangu: mtoto amechagua siku yake, aachwe apite njia yake. Daktari akamwambia kwa heshima zote, "Mama, nakusikia, ila wa kusaini ni yeye."

Hapa nitoe maoni yangu. Swali lile lilikuwa la haki, na lilikuja wakati mbaya kuliko wote. Kufikiri kati ya uchungu na uchungu ni kazi. Lingepaswa kuulizwa kliniki, wiki ya 36, mchana, nimekaa na juisi yangu, na jibu liandikwe kwenye kadi: uchungu ukimtangulia, anataka hivi. Mimi nilisema operesheni, na sijutii. Jirani yangu wa kitanda alikuwa na kovu kama langu, akaendelea, akajifungua kawaida, na yeye hajuti.

Daktari akauliza nimekula saa ngapi. Pilau, saa mbili usiku. Kwa operesheni ya kupangwa unaambiwa usile chakula kwa muda wa saa sita kabla, maji matupu yanaruhusiwa mpaka zibaki saa mbili. Saa zangu zilikuwa zimetimia, lakini alisema uchungu huchelewesha tumbo kumwaga chakula, kwa hiyo wananihesabu kama niliyeshiba. Nikapewa dawa ya kunywa ya kupunguza asidi, chungu na chumvi kwa pamoja, nikaambiwa ganzi itakuwa ya mgongo, si ya kulala.

Kisha tukangoja. Thieta ilikuwa na mama mwingine ambaye mapigo ya mtoto wake yalikuwa yanashuka, na hakuna mwenye akili anayelalamikia hilo. Baadaye daktari alinieleza kwamba wanafuata madaraja manne ya haraka yaliyotoka Uingereza: daraja la kwanza, hatari ya sasa hivi, wanalenga mtoto atoke ndani ya dakika 30, la pili dakika 75, la nne ndilo la siku mliyokubaliana. Mimi nilikuwa nimeingia hospitali kwa karatasi ya daraja la nne na tumbo la daraja jingine. Ninacholalamikia ni kwamba katika kungoja kule hakuna aliyekuja kusema tunangoja nini, mpaka nilipomshika mkunga gauni.

Ganzi ya mgongo wakati wa uchungu ni jambo linalohitaji mtu mvumilivu. Unakaa kitandani, kidevu kifuani, mgongo umeukunja kama paka aliyekasirika, unaambiwa usitikisike, na uchungu nao hauulizi. Mtaalamu wa ganzi alisubiri. Ukija ananiambia pumua, ukiachia anaendelea. Alipomaliza, miguu ikapata joto, ikawa mizito, ikaondoka. Akanipima kwa kitu cha baridi kutoka pajani hadi chini ya matiti kabla hajamruhusu daktari. Mpira wa mkojo uliwekwa nikiwa sihisi chochote, neema ambayo mara ya kwanza sikuipata. Kichefuchefu kilinijia presha iliposhuka, akakiwahi kwenye dripu.

Mume wangu hakuruhusiwa kuingia. Kwenye kifurushi anaruhusiwa, kwenye dharura haruhusiwi, na hilo tuliambiwa akiwa ameshavaa gauni la kijani na kofia. Amelisikia vibaya mpaka leo.

Binti yangu alitoka akilia, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Kilo tatu na nusu. Daktari wa watoto alisema saa zile za uchungu zilimsaidia, kwa sababu uchungu huyaamsha mapafu yaanze kuyaondoa maji. Kwa hiyo kwa upande wa kifua chake, Jumapili ilikuwa bora kuliko Jumanne.

Wodini sina mengi. Waliniamsha nitembee siku ileile, dawa za maumivu zilikuja kwa wakati bila kuombwa, sista wa usiku alinifundisha kumnyonyesha nimemweka ubavuni ili asiguse kidonda. Chakula ni chai na mkate na supu isiyo na kitu. Bila mtori wa mama mkwe sijui.

Sasa bili. Walinitoza bei ya dharura, gharama ya usiku, na juu yake ada ya bingwa niliyemchagua, ambaye alikuwa Dodoma. Ada hiyo wameiondoa baada ya mume wangu kwenda na kipeperushi chao mkononi. Gharama ya usiku bado tunabishana. Bima ililipa sehemu yake bila shida, na wakatuambia jambo ambalo hospitali ingetuambia mapema: barua ya idhini inaweza kuandikwa kwa kipindi badala ya siku moja.

Leba na thieta nawapa nyota tano. Mapokezi na uhasibu nyota moja, na hiyo ni ya mlinzi. Kama unafikiria kifurushi hiki au cha hospitali nyingine yoyote, kabla hujalipa waulize nani anapokea simu saa nane usiku, nani anakupasua kama bingwa wako hayupo, mumeo anaingia au haingii, na bei inakuwa ipi uchungu ukitangulia. Waandike majibu na wagonge muhuri. Mimi wakinirudishia ile pesa ya usiku nitaongeza nyota.