Canon EOS R6: nimerudi kupiga harusi baada ya miaka tisa

Harusi yangu ya mwisho niliipiga kwa Canon 5D Mark II, kamera iliyotangazwa Septemba 2008. Usiku ule nilirudi nyumbani mgongo unawaka moto, nikaapa basi. Kiapo kimedumu miaka tisa. Majuzi kijana niliyemfundisha kazi akaniomba nikamsaidie kama mpiga picha wa pili, nikakubali kabla sijafikiri vizuri, kisha nikanunua R6 iliyokwisha kutumika. Ni ya Julai 2020, si mpya tena. Wanaofukuzia matoleo mapya wameshaitupa mkono, na sisi wengine tunapatia hapo.

Namba kwanza zilinichekesha. Kamera yangu kuukuu ina megapikseli (mamilioni ya nukta zinazounda picha) 21.1, hii ina 20.1. Mume wangu aliniuliza kama nimetoa hela ili nirudi nyuma.

Sasa fokasi, yaani kamera kulenga kitu kitoke shapu, maana ndiyo iliyonifanya niandike. 5D Mark II ina alama tisa za fokasi, na kwenye mwanga hafifu ya kutegemea ni moja tu, ile ya katikati. Tulizoea hivi: alama ya katikati kwenye jicho la bibi harusi, bonyeza nusu, shikilia, sogeza kamera mpaka picha ikae unavyotaka, malizia. Ukifungua lenzi hadi f/2, yaani wazi sana, kinachobaki shapu ni kina kidogo tu, na msogeo ule mdogo, au yeye kuvuta pumzi tu, unatosha hereni kutoka shapu na jicho kuwa na ukungu. Nina albamu zima la hereni nzuri.

Safari hii baba mtu alimkumbatia binti yake akiwa amelipa mgongo dirisha. Uso wote kivuli, jua lote nyuma. Zamani lenzi ingehangaika mbele na nyuma mpaka waachane. Nikainua R6, nikaona kijisanduku kinachoonyesha kamera imelenga wapi kimekaa chenyewe kwenye jicho la kushoto la mzee. Akageuza shingo, kikahamia la kulia. Shela ikapita mbele, kikapotea kidogo kisha kikarudi. Nilipiga picha kumi na moja, tisa zinakuonyesha kope moja moja.

Na lenzi ilikuwa ileile ya zamani, EF 85mm f/1.8 ya 1992, kwa kutumia adapta inayounganisha lenzi za zamani na kamera hii. Ndani ya adapta hamna vioo vya lenzi, ni bomba tupu lenye mawasiliano ya umeme, kwa hiyo picha haipungui kitu. Tena fokasi imekuwa bora kuliko ilipokuwa nyumbani kwake. Kamera kama 5D Mark II, zenye kioo cha kuakisi ndani, zilipima fokasi kwa kihisi cha pembeni, chini ya kioo hicho; R6 haina kioo hicho. Kikipishana kidogo tu na kihisi cha picha, picha inakosea. R6 inapima palepale picha inapopigwa. Miaka yote ile niliisingizia lenzi.

Penye umati usiiamini sana. Inapenda sura iliyo karibu, na sura iliyo karibu mara nyingi ni ya mgeni aliyesimama na simu yake juu. Ianzishie wewe mtu unayemtaka, ndipo uiachie.

Kosa kubwa la siku lilikuwa langu. Wakati wa viapo niliwasha shata ya kimya, ile ya kielektroniki inayopiga picha bila pazia la kamera kufunguka na kufunga kwa kelele, raha tupu, hata padri hakugeuka. Tukaingia ukumbini nikasahau kuizima. Taa nyingi za LED zinawaka na kuzima kwa kasi jicho lisiyoiona, na shata hiyo inasoma picha mstari kwa mstari toka juu kwenda chini, kwa hiyo kila mmweko unaacha alama yake. Kijana akachungulia skrini yangu: "Dada, hii mistari umeitoa wapi?" Kama picha arobaini hivi, nguo nyeupe imekuwa ya milia. Nikadhani na flashi imekufa, kumbe kwenye hali hiyo haiwaki kabisa. Ukumbini tumia shata ya mitambo, ipige kelele ipendavyo; muziki utaifunika.

Nafasi mbili za kadi za kuhifadhia picha ni jambo ambalo halihitaji maneno mengi kwa mtu aliyewahi kupoteza nusu saa ya harusi kwa kadi moja iliyogoma. 5D Mark II ina nafasi moja. Nimeiweka hii iandike kotekote, na usiku nililala.

Kilichokuwa na kutu ni mimi. Nilichelewa kuwapiga maharusi wakiingia kwa kuwa nilikuwa nakagua picha nzuri nilizokwisha kupiga, ujinga ambao ningemfokea mwanafunzi. Kamera inajua jicho liko wapi. Kwamba bibi harusi yuko karibu kucheka, hilo bado ni la kwako.

Betri ndiyo malalamiko yangu. Kwa kipimo rasmi 5D Mark II inafikisha picha kama 850 kwa chaji moja, R6 kama 380 ukichungulia kwenye kijidirisha chake, maana nacho ni skrini inayokula umeme muda wote. Ukipiga mfululizo unapata zaidi ya hapo, ila nilikwenda na mbili na ya pili ilianza kumweka nyekundu keki haijakatwa. Betri zangu za zamani za LP-E6 zinaingia humohumo, kwa hiyo wiki hii nimezitoa kabatini. Moja imevimba. Nyingine mbili zinachaji sasa hivi, Jumamosi kuna harusi nyingine.