Pini za daraja la gitaa Dodoma: plastiki, mfupa au brasi?

Ukiulizia pini za daraja la gitaa la akustiki, yaani vile vijiti vinavyoshikilia mwisho wa nyuzi kwenye matundu ya daraja, kwenye maduka ya vyombo vya muziki hapa Dodoma mjini, mara nyingi utapewa kifuko cha nailoni chenye pini sita za plastiki, nyeupe zenye nukta nyeusi au kinyume chake, bila kipimo chochote kilichoandikwa. Kwa magitaa mengi ya bei ya kawaida pini hizo zinatosha kabisa, na ndizo ninazoshauri uanze nazo. Plastiki yenyewe haina shida. Shida ni kwamba zinatengenezwa kwa saizi zaidi ya moja, na ukizitazama kwa macho zote zinafanana.

Kwa hiyo usiende dukani mikono mitupu. Nenda na pini yako ya zamani, na kama fundi wa jirani ana venia, kile kifaa cha kupimia unene kwa milimita, iazime. Pima unene chini tu ya ukingo wa kichwa. Pini nyingi hapo huwa kati ya milimita 5 na 5.7. Kisha shuka milimita 20 upime tena. Unene ukiwa umepungua kwa milimita 1 hivi, mchongoko wa pini ni digrii 3. Ukiwa umepungua kwa karibu milimita 1.75, ni digrii 5. Hicho ndicho kipimo ambacho muuzaji hatakuambia, na ndicho kinachoamua kama pini itakaa au itaruka.

Pini ya digrii 5 kwenye tundu la digrii 3 inabanwa juu tu, huku ncha yake ikielea chini. Utaona imekaa vizuri, lakini ukikaza uzi, ile pete ya shaba ya mwisho wa uzi inateleza kuingia chini ya ncha na kuisukuma pini juu. Ya digrii 3 kwenye tundu la digrii 5 inafanya kinyume: inashika chini, kichwa kinacheza. Kuhakikisha, paka pini penseli pande zote, iingize bila uzi, izungushe mara moja kisha itoe. Penseli ikifutika kuanzia juu hadi chini, umepata saizi yako. Ikifutika sehemu moja tu, rudisha kifuko dukani.

Pini nene kidogo haina neno, mradi mchongoko ni sahihi. Isugue kwa msasa namba 400 ukiizungusha, kidogo kidogo, hadi iingie kwa nguvu ya kidole gumba na ukingo wa kichwa ubaki kama milimita 1 juu ya daraja. Usiigonge kwa nyundo. Matundu sita ya daraja yamepangwa kwa kufuata nyuzinyuzi za mbao, na pini zinazolazimishwa zinapasua mbao kutoka tundu hadi tundu.

Hapa hali ya hewa yetu ina neno. Dodoma mvua ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, kisha kinafuata kiangazi kirefu. Mbao ikikauka inasinyaa, na tundu lililomo ndani yake linasinyaa nayo, plastiki haisinyai. Pini iliyokazwa sana Februari itakuwa imebanwa vibaya ifikapo Septemba. Ukifunga pini wakati wa mvua, iache ilegee kidogo kuliko unavyotamani.

Seti za mfupa wa ng'ombe si rahisi kuzipata hapa. Wengi huagiza Kariakoo na mzigo ukaja kwa basi hadi stendi ya Nanenane, au huagiza nje kabisa. Pini za mfupa ni imara, hazipindi wala kuchimbika pale uzi unapozisugua, na zinasuguliwa vizuri kwa msasa. Kwa gitaa lenye uso wa mbao halisi, gharama inakubalika. Tofauti ya sauti ipo lakini ni ndogo, na asikuuzie mtu kwa ahadi ya kubadilisha gitaa lako. Brasi siishauri kwa gitaa jepesi: ni nzito karibu mara nane ya plastiki, na uzito huo unakaa palepale ambapo uso wa gitaa unatakiwa kutetemeka. Mtu anayejua kukereza mpingo anaweza kukutengenezea seti nzuri sana, ila mpe pini ya mfano, si maelezo ya mdomo.

Kutoa pini iliyokwama: legeza nyuzi zote kabisa, sukuma uzi ushuke kidogo ndani ya tundu, kisha ingiza mkono kwenye mdomo wa gitaa na uisukume ncha ya pini kutoka ndani kwa sarafu. Plaizi inavunja kichwa.

Kufunga ndipo wengi wanapokosea. Kunja uzi kidogo juu ya pete yake, uingize tundu kiasi cha sentimita 2 au 3, weka pini mfereji wake ukielekea mdomo wa gitaa, ibonyeze taratibu huku ukiuvuta uzi juu hadi uhisi pete imegota. Pete inapaswa kukaa ubavuni mwa pini, imeegemea kibao cha ndani chini ya daraja. Hicho kibao ndicho kinachobeba mvuto wa nyuzi, ambao kwa seti ya 0.012 (unene wa uzi mwembamba kuliko zote, kwa inchi) ni kilo 70 na ushee. Pini kazi yake ni kuizuia pete isirudi katikati ya tundu. Ingiza simu ndani upige picha. Pete zote sita zionekane zimegusa mbao.

Kabla hujanunua chochote, tazama pale uzi unapopita juu ya kijiti cheupe cha daraja. Ile sehemu nene iliyosokotwa karibu na pete ikiwa imepanda hadi juu ya kijiti, kibao cha ndani kimeliwa, na pini mpya hata za mfupa hazitasaidia. Hiyo ni kazi ya fundi: kuziba matundu kwa mbao ngumu na kuyatoboa upya.

Na kama gitaa lako ni la nyuzi za nailoni zinazofungwa kwa fundo, halina pini kabisa, usinunue kifuko.