Siku yangu Cromer, mji wa kaa na waokoaji

Mwezi wa Juni nilipanda treni kutoka Norwich hadi Cromer, mji mdogo wa pwani ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Safari haifiki saa moja. Nilifuata kaa, lakini kilichonishika ni makumbusho ya Henry Blogg, pale ufukweni karibu na gati. Kiingilio ni bure.

Blogg alikuwa mvuvi wa kaa. Alijiunga na boti ya uokoaji mwaka 1894, akawa nahodha 1909, na hadi anastaafu 1947 yeye na wenzake walikuwa wameokoa watu 873. Na hakujua kuogelea! Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Pangani. Najua bahari ikichafuka kila mtu anakimbilia nchi kavu. Hawa ndio walikuwa wanatoka. Januari 1917, vijana wakiwa vitani, wazee wa mji walipiga makasia hadi kwenye meli ya Kigiriki, wakarudi na watu wake. Siku hiyohiyo, mikono imewafa ganzi, wakaiendea meli ya Uswidi, Fernebo, iliyokuwa imekatika vipande viwili. Boti ya baadaye ya Blogg, H F Bailey, imo ndani ya makumbusho. Nilisimama kwenye tezi yake, nikatazama mbao zake, nikamkumbuka baba.

Kaa sasa. Kwenye mkahawa mmoja nililetewa kaa mwenye barafu bado, nikaacha nusu. Nikanunua mwingine kibandani: nyama nyeupe ya magando upande mmoja, ile ya kahawia laini upande wa pili, vyote vimerudishwa ndani ya gamba lake. Mtamu! Ndimu tu inatosha. Mji hauna bandari, kwa hiyo vyombo vya wavuvi huvutwa na trekta hadi mchangani.

Mnara wa kanisa una ngazi 172; ukiwa na magoti mazima, panda. Gati ni la mwaka 1901, lina ukumbi wa maonyesho, na nchani kabisa ndipo inapokaa boti ya uokoaji ya leo, tayari kuteleza majini. Beba sweta, upepo wa huko hauna Juni.

Kabla ya kuondoka nilirudi makumbusho kusoma mbao zilizoandikwa majina ya meli na idadi ya waliookolewa. Nilizisoma moja moja, treni ya saa kumi ikaniacha.