Nafaka saba kwenye mfuko mmoja: tuufungue unga wa lishe wa mtoto

Assalamu alaykum watazamaji wangu, mlioko hapa Pemba, wa Unguja, na nyinyi mlioko ng'ambo mnaowatumia dada zenu pesa za uji wa mtoto. Leo mezani nina aina tatu. Huu wa boksi, umetoka nje. Huu wa mfuko wa nailoni, umeandikwa "lishe bora, nafaka 7". Na hili bakuli ni unga wa mchele, ulezi na mtama nilioununulia nafaka zake kwa pishi sokoni Chake Chake, nikapeleka mashineni. Majina ya kampuni nimeyaziba kwa karatasi, maana sina maabara na sitaki kumharibia mtu biashara yake. Naangalia kilichomo, kilichoandikwa na kilivyofungwa, basi.

Boksi nalimaliza haraka. Ndani mna mfuko wa karatasi ya fedha usiopitisha hewa, tarehe ipo, namba ya toleo ipo. Vizuri. Ila someni upande huu, sukari ni ya pili kwenye orodha. Mtoto akizoea utamu huu, uji wa nyumbani atautema. Na tusidanganyane kwamba kila boksi lenye maandishi ya Kifaransa limetengenezwa kwa sheria za Ulaya. Tazama limetengenezewa soko gani.

Sasa huu mfuko, ndio ulionikalisha hapa. Hebu isogeze kamera, waone. Mahindi, soya, njugu, ulezi, mtama, ngano, mchele. Mama akiona nafaka saba anafurahi, anaona mtoto atanawiri. (Soya na njugu si nafaka, lakini tuyaache hayo.) Mimi naona mahindi mwanzo na njugu katikati, na hivyo viwili ndivyo sumukuvu inavyovipenda kuliko vyote. Sumukuvu hii, yaani aflatoksini, inatolewa na koga ya jamii ya Aspergillus, inayoingia kwenye punje tangu shambani ikipata ukame, kisha inaendelea ghalani ikipata joto na unyevu. Mahindi yana na sumu nyengine, fumonisini, inayotokana na koga ya shambani pia. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Sasa fikirieni polo la mahindi limetoka bara, limevuka bahari, limekaa bohari, halafu masika ya Pemba ya mwezi wa Nne yakalikuta humo. Likija kusagwa, nani tena anaijua punje iliyooza na iliyo nzima?

Nautia kijiko. Mnaona mabonge? Hiyo ni dalili kwamba unyevu umeingia. Na mfuko huu niliukuta umetundikwa mlangoni mwa duka, jua la saa nane linaupiga, ndani pamefanya jasho. Tarehe ya mwisho imeandikwa, ya kutengenezwa haipo. Namba ya toleo haipo, kwa hiyo hata ukitokea ubaya, hakuna wa kujua ni mifuko ipi irudishwe. Alama ya ZBS, Taasisi ya Viwango Zanzibar, siioni. Usajili wa Wakala wa Chakula na Dawa, siuoni.

Nimeunusa pia, hauna harufu. Na hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Koga yenyewe inaweza kufa ikaondoka na harufu yake, sumu ikabaki. Ukinusa koga, tupa. Usiponusa, bado hujajua kitu. Kuchekecha hakusaidii, sumu imeshaenea ungani kama chumvi kwenye mchuzi. Na yule bibi anayesema "uchemshe sana mwanangu, utatulia", namheshimu, lakini uji unachemka kwenye nyuzi 100, na sumukuvu inastahimili hata moto unaopita 200. Kuuanika unga ulioota koga kunaukausha tu.

Kwa nini nawashika masikio kwa ajili ya mtoto khasa? Kwa sababu mwili wake mdogo na uji anakunywa asubuhi na jioni, kila siku kile kile. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni sumukuvu zote zisizidi maikrogramu 10 kwa kilo, na ile kali zaidi, ya B1, isizidi 5. Ulaya, kwenye chakula cha nafaka cha mtoto mchanga, B1 mwisho ni 0.1. Pigeni hesabu, ni mara 50. Kwa hiyo hata mahindi yaliyofaulu kipimo, yamefaulu kipimo cha mtu mzima anayekula ugali.

Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu 20 walikufa kwa sumu hii. Hiyo ndiyo ya ghafla. Ya pole pole haina kelele. Watafiti waliwapima watoto 480 wa Benin na Togo, wakaikuta kwenye damu ya karibu wote, na waliozidiwa nayo ndio waliokuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao. Walioachishwa ziwa walikuwa nayo nyingi zaidi, maana ndio wameingia kwenye uji. Ukubwani ni saratani ya ini, na hatari inapanda sana kwa mwenye homa ya ini ya B. Kwa hiyo zile sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 msiziruke, kinga ya homa hiyo imo humo.

Haya, bakuli langu. Nafaka nimezipeta, nikazichagua kwenye uteo mchana kweupe, si kwa taa. Iliyosinyaa, iliyovunjika, yenye rangi ya ajabu, nje. Nimeanika juu ya mkeka, si juu ya udongo. Nasaga kidogo kidogo, naweka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Mashineni muwe macho, kibaba cha mwanzo kinachotoka kimebeba unga wa aliyekutangulia, na huenda yalikuwa mahindi yake ya kuku. Kiweke pembeni.

Njugu sizisagi pamoja. Nazichagua moja moja, nakaanga, napukusa maganda, nachagua tena, natwanga za siku mbili tatu. Ikiwa chungu mdomoni, tema, na zilizobaki usizitumie. Siku nyengine natia dagaa wa kusaga au kunde. Na si lazima kila siku uji. Shelisheli hilo, viazi vitamu, ndizi ya kuponda, vyote viko uani kwetu na havina habari ya kukaa ghalani miezi sita. Mtoto chini ya miezi sita, ziwa tu.

Alama zangu: boksi 6 kwa 10, sukari na bei vimeliangusha. Mfuko 3, na hizo tatu ni za ulezi na mtama uliomo. Mwenye kiwanda akiandika tarehe, akapima mahindi yake na kuziondoa njugu, nitaurudia kwa furaha. Langu 7. Sijipi 10 kwa sababu mtama nao hupata kuvu, na kuchagua kwa macho si kupima.

Kuna anayeuliza, unga ulioharibika tuwape kuku? Usiwape, wala ng'ombe, sumu itakurudia kwenye maziwa yale yale ya mtoto. Sumu hii yenyewe ilijulikana kupitia ndege. Uingereza, 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kilikuwa mashudu ya njugu kutoka Brazil. Chimba shimo, ufukie.