Kupoza kompyuta kwa maji Nairobi: mfumo upi ununue, upi uache

Kama prosesa yako ni ya wati 65 na kadi ya picha ni ya kawaida, nunua feni nzuri ya prosesa, pesa itakayobaki uongeze RAM. Nazungumza na wenye mashine za moto. Kadi ya picha ya RTX 4090 peke yake hula hadi wati 450, na prosesa ya Core i9-14900K hufika 253.

Maji hayamalizi joto, yanalihamisha tu hadi kwenye rejeta, na pale ni hewa inayolibeba. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hadi 20. Baridi ya Julai inatufidia kidogo, ila usibane kwenye rejeta. Mafundi huhesabu nafasi ya feni moja ya milimita 120 kwa kila kifaa kinachopozwa, kisha moja ya ziada. Kwa mashine niliyoitaja, hiyo ni kidogo. Anza na rejeta mbili za milimita 360, yaani za feni tatu kila moja. Na vumbi la huku likoje, unalijua: chagua zenye mapezi (vile vibati vyembamba vya rejeta) yaliyoachana, utaweza kuzipuliza.

Namba moja: mfumo wa kujiundia, mipira laini ya kupitishia maji na rejeta za shaba. Chukua mpira mweusi wa EPDM, aina ya raba. Ule wa plastiki unaoonyesha maji huachia kemikali zake taratibu, zikaganda na kuziba vijifereji vya bloku ya prosesa, kile kipande cha chuma kinachokaa juu yake na kupitisha maji. Mweusi haupendezi kwenye picha, lakini unakatwa kwa kisu, unapinda utakavyo, na mwakani ukibadilisha kadi hujengi upya.

Pesa nyingi hupotelea kwenye fitingi, viungio vya kushikia mipira. Hesabu mbili kwa kila kifaa: prosesa, kadi, rejeta mbili, na pampu iliyoungana na tangi lake. Hizo ni kumi, bado kona na koki ya kumwagia maji. Zote ziwe za uzi wa skrubu wa kipimo cha G1/4, na vipimo vya mpira, wa ndani na wa nje, vilingane na fitingi: mpira wa 10/16 hauingii kwenye fitingi ya 10/13. Feni, kasha na pawasaplai utapata Luthuli au Moi Avenue. Fitingi hizi mara nyingi ni za kuagiza nje, na VAT ya asilimia 16 juu. Agiza mbili za akiba, la sivyo moja ikipasuka mashine italala ikingoja mzigo. Kibati cha kushikilia pampu, kwa upande mwingine, usikiagize kabisa. Mpelekee fundi wa Kamukunji pampu yenyewe, akukatie na kukutobolea.

Pampu iwe ya aina ya D5. Aina nyingine, DDC, ni ndogo zaidi, ila yenyewe hupata joto.

Maji ya bomba hapana, ya kisima ndiyo usithubutu. Vituo vya petroli na maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road huuza maji ya betri yasiyo na chumvi; soma chupa vizuri, maana asidi ya betri nayo iko humo humo dukani, na ikiingia kwenye bloku kwisha habari. Ongeza dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Vimiminika vya rangi nzito kama maziwa viache, huacha mashapo.

Namba mbili: mfumo uliofungwa kiwandani, wa 360. Upo madukani mjini, unaufunga jioni moja, na ukikorofisha una risiti na mwenye duka wa kumwendea. Kasoro zake ni kwamba kwa kawaida hupoza prosesa pekee, na pampu ikifa unatupa wote.

Namba tatu: paipu ngumu. Ni za wapiga picha. Kila kona lazima uipashe moto na kuipinda kwa kipimo, na ukibadilisha kifaa kimoja unaanza upya. Ukizing'ang'ania, chukua za plastiki ya akriliki. Plastiki nyingine, PETG, hulegea mapema pampu ikisimama na maji yakapata moto.

Usiguse: seti ya bei rahisi yenye rejeta ya alumini na bloku ya shaba. Metali hizo mbili zikikutana majini, alumini huliwa. Muulize muuzaji rejeta ni ya nini. Akikujibu, "Ni chuma tu, boss," ondoka.

Kabla ya kuwasha, jaribu kuvuja: waya za umeme za ubao mama na kadi zichomolewe, pampu pekee izunguke, na tishu chini ya kila kiungo. Iache saa 24. Stima ikipotea katikati, anza kuhesabu upya.